Kofia ya Kiranja

"Utasaini au hutasaini?"

Mkuu wa kituo aliuliza akiwa amesimama, na akisimama maana yake mjadala umekwisha. Hati ya mashtaka ilikuwa mezani, imeshachapwa, imebaki sahihi ya mpelelezi tu. Inspekta aliisoma mstari kwa mstari, polepole, kwa nia kamili ya kumuudhi mkubwa wake.

Kituoni walimwita Koleo, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Akishabana kitu haachii, hata kama alichobana ni kidole cha mwenzake. Walioshirikiana naye kesi moja hawakuomba ya pili.

"Hapa mmeandika 'kwa makusudi'," Koleo alisema. "Nani kawaambia ni makusudi?"

"Jina la huyo mwanamke liko kwenye mtambo. Meneja wake kaleta ushahidi mwenyewe. Mama wa watu kafa anasubiri gari la wagonjwa, simu inaita kwenye ukumbi mtupu. Unataka nini tena? Marehemu aje kutoa maelezo?"

"Nataka mpaka mchana."

"Mchana nampeleka mtuhumiwa mahakamani. Ukirudi hapa bila sahihi nasaini mimi, na kuanzia kesho utalinda geti. Umenisikia?"

"Nimekusikia, afande."

Kwenye korido, mabenchi mawili yalitazamana. La kushoto alikalia muuza nyama, mtoto wa marehemu, aproni ya buchani ikichungulia chini ya koti. Tangu amzike mama yake, kila asubuhi alikuja kuhakikisha kwamba aliyekamatwa hajaachiwa. La kulia alikalia mama wa mtuhumiwa, na mjukuu mchanga mapajani. Mtoto alikuwa analia na kuitema chuchu ya chupa kila ilipotiwa mdomoni.

"Na hicho kitoto kitakua kiue watu kama mama yake," muuza nyama alisema kwa sauti ya kusikika.

"Rudia," bibi alimjibu. "Rudia neno lako uone kama hii chupa haijakuvunjikia usoni."

Koleo alipita katikati yao bila kumpa mtu pole. Alimkuta mtuhumiwa ameshaletwa kwenye chumba cha mahojiano.

Alikuwa fundi wa seva, mwanamke wa makamo kidogo, na kazini kwao wote walimwita Fundi, bosi na mfagizi sawasawa. Blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa kifuani, na alijikinga kwa mikono miwili. Alipomwona Koleo hakusimama wala hakusalimia.

"Nileteeni mtoto wangu nimnyonyeshe. Halafu ndiyo mniulize upuuzi wenu."

"Ukinijibu upesi, utamwona upesi."

"Hamna hata haya, nyinyi."

"Hatuna," Koleo alikubali, akavuta kiti. "Amri iliyorudisha simu za dharura kwenye ukumbi wa zamani ina jina lako."

"Kila amri pale ina jina langu. Kiranja nilimtengeneza mimi."

"Kiranja ni nani?"

"Si mtu, ni mashine." Alisema hivyo kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kulieleza jambo kwa watu wasiosikiliza. "Seva zetu, hizo kompyuta zinazoelekeza simu, ni nyingi. Hakuna binadamu anayeweza kuzipitia moja moja kuzibadilishia mipangilio. Kiranja ndiye anayezipa amri: wewe pokea simu upeleke huku, wewe funga njia ile. Anazunguka mwenyewe kutwa kucha, hangoji mtu. Na anaingia kwa jina langu. Kwa hiyo akifanya kazi yeye, panaandikwa mimi."

"Hata ukiwa umelala?"

"Hata nikiwa nimekufa."

"Basi Kiranja wako kakosea."

"Hakosei hivyo. Kuna kofia."

"Kofia?"

"Zamani tulikuwa tunabadilisha kwa mkono. Siku moja watu wawili wakaingia seva ileile kwa wakati mmoja, huyu anaandika, yule anafuta, hakuna anayejua habari za mwenzake. Kuitengua ile fujo tulitokwa jasho la damu. Ndipo nikaleta kofia nyekundu ya sufu, nikaitundika msumarini. Ukitaka kugusa seva, vaa kofia. Ukikuta msumari mtupu, kaa, kunywa maji, ngoja mwenzako amalize. Walinicheka wakachoka, lakini hatukugongana tena."

"Na mashine nayo inavaa?"

"Inaweka kufuli. Ni kifaili kidogo tu kinachosema: niko kazini. Kila Kiranja anapotaka kuanza mzunguko, anatazama kwanza. Kufuli lipo? Basi mzunguko wa mwanzo haujaisha, anaghairi. Halipo? Analiweka, anafanya kazi, akimaliza analitoa. Ile kofia ya sufu tukaiweka juu yake, watu waone zamu ni ya nani. Mtu akitaka kuichukua, lazima amsimamishe Kiranja kwanza."

"Kwa hiyo amri mbili haziwezi kugongana."

"Kwa Kiranja mmoja, haziwezi."

Koleo aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Kwani wako wangapi?"

"Muulize meneja. Mimi nilikuwa likizo ya uzazi. Niliporudi nikakuta mashine nyingine imefunikwa kitambaa. Nikaambiwa ni ya akiba, tupu, haijawahi kuwashwa. Nikamwambia: siku utakapoiwasha, kufuli liwe moja, likae mahali ambapo zote mbili zinaliona. Anayelishika afanye kazi, mwingine anyamaze. Kila moja ikijiwekea kufuli lake ndani kwake, hilo si kufuli, hilo ni pambo. Akaniambia nimezoea kutia chumvi."

"Mkagombana?"

"Tukagombana. Nikamtukana pia. Andika hilo, si ndilo mnalolitaka?"

Koleo aliliandika.

Meneja alimpokea mlangoni mwa ofisi ya simu za dharura, si kwa heshima bali ili asipite. Alikuwa mtu wa tai na marashi mengi, na tabasamu lake lilikuja likaondoka kabla mtu hajaliitikia.

"Inspekta, sisi tumeshamaliza na polisi. Ushahidi nimeukabidhi kwa mkubwa wako."

"Mimi sijamaliza na nyinyi. Sogea."

"Hapa ni mahali nyeti. Hapa zinapita simu za watu walio mahututi."

"Najua. Mmoja tumemzika. Sogea."

Alisogea. Ndani, wafanyakazi waliinua vichwa kisha wakavirudisha kwenye skrini zao, na hakuna aliyemkaribisha kiti. Karibu na dirisha alikaa mtaalamu mmoja aliyeitwa Miwani, mwenzake Fundi wa meza ya jirani, ambaye ndiye aliyeitoa kwenye mtambo ile amri iliyomtia mwenzake ndani. Koleo alimwendea moja kwa moja.

"Nionyeshe ile amri."

"Nimeshaionyesha kwa wenzako."

"Mimi sina wenzangu. Nionyeshe."

Miwani alibofya kwa hasira. Kwenye skrini jina la Fundi lilionekana, na mbele yake amri ya kurudisha simu kwenye ukumbi wa zamani, ule ambao wahudumu walikwishahama. Seva chache zilikuwa zimeshaelekezwa ukumbi mpya, chache zikarudishwa ule wa zamani, na nyingine zikabaki katikati hazijui ziende wapi.

"Huyo hapo," Meneja alisema begani kwa Koleo. "Alininunia kwa sababu ya ratiba yake ya kunyonyesha. Aliapa mbele ya watu kwamba nitamkumbuka."

"Aliapa hivyo?" Koleo alimuuliza Miwani.

Miwani alivua miwani yake akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Alisema meneja atatuulia watu kwa ubishi wake. Ndivyo alivyosema."

"Sasa nionyeshe za leo asubuhi."

"Za leo za nini?"

"Amri za leo. Mashine yenu haizunguki leo?"

Miwani alibofya tena, safari hii taratibu. Orodha ilishuka skrini nzima, na kila mstari ulikuwa na jina la Fundi.

"Leo asubuhi huyu dada alikuwa mahabusu," Koleo alisema. "Simu yake ninayo mimi, na mlango wake nimeufunga kwa mkono wangu. Ameingiaje kazini?"

Miwani aliangalia lile jina la mwenzake, akamwangalia Meneja. Aibu ilimjaa usoni, maana alijua tangu mwanzo kwamba jina lile si mkono wa mtu, na hakusema.

Meneja hakukosa la kusema. "Basi aliacha mtego! Alipanga mashine imfanyie ubaya akiwa hayupo. Hiyo ni mbaya zaidi, Inspekta. Ongeza hilo kwenye hati."

Jibu lilikuwa zuri, na Koleo alichukia uzuri wake. Hakimu mvivu angelimeza lilivyo.

"Mashine gani nyingine hapa inaweza kutuma amri?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Kuna boksi la akiba tu chumba cha mitambo. Tupu. Halijawashwa hata siku moja, halina programu wala amri ndani yake. Naweza kula kiapo."

"Utakula baadaye. Twende."

Chumba cha mitambo kilikuwa na baridi kali na kelele za feni zisizonyamaza. Miwani aliwafuata bila kuitwa, akasimama mlangoni. Kiranja alikuwa kwenye rafu ya kwanza, taa zake zikipepesa, na juu yake imekaa kofia nyekundu ya sufu iliyochakaa, pindo limefumuka. Kwenye rafu ya pili kulikuwa na mashine iliyofunikwa kitambaa safi cha meza. Waya wake wa umeme ulikuwa umechomolewa ukazungushwa vizuri pembeni.

"Kiranja yuko kazini sasa hivi?" Koleo aliuliza.

"Yuko kazini," Miwani alijibu. "Kofia si hiyo juu yake?"

Koleo alikifunua kitambaa. Mgongo wa mashine ya pili ulikuwa unang'aa, hauna hata chembe ya vumbi. Alipiga magoti, akatoa tochi, akamulika wavu wa mbele ambapo hewa huingia. Kisha akainama hadi kwenye soketi ya ukutani, akabofya swichi yake kwa kidole gumba, akainuka.

"Nani alipangusa hii mashine?"

"Tunapenda usafi," Meneja alisema.

"Mmepangusa juu. Hapa mbele mmesahau." Aliingiza kucha kwenye wavu, akatoa pande la vumbi lililoshikamana kama pamba ya mto. "Kitu kilichokaa tu kinakusanya vumbi mgongoni. Hiki kimelivuta ndani. Mashine haivuti hewa ikiwa imezimwa, bwana."

"Labda waliijaribu dukani."

"Labda."

Nyuma ya mashine, kati ya rafu na ukuta, mkono wake uligusa kitu laini. Alikivuta. Ilikuwa kofia nyekundu ya sufu, mpya kabisa, lebo ya dukani ingali inaning'inia kwenye pindo.

Miwani aliachama mdomo. "Hiyo ya nani?"

"Hilo ndilo swali langu," Koleo alisema, akamgeukia Meneja. "Ya nani?"

"Ya akiba. Ile imechakaa, si unaiona?"

"Kofia ya akiba mkaificha nyuma ya boksi tupu?"

"Shemeji yangu ndiye aliyenunua. Ndiye aliyeleta mashine. Alisikia kuna desturi ya kofia, akaona na hii iwe na yake. Ni utani tu, Inspekta. Mna kazi nyingine nyinyi au hamna?"

Koleo aliitia kofia mpya kwenye mfuko wa vielelezo bila haraka. Kisha akauchukua waya wa umeme, akaukunjua, akachomeka ncha moja nyuma ya mashine ya pili.

"Unafanya nini?"

"Nataka kuona boksi tupu linavyowaka. Kama ni tupu halitafanya kitu, nitasaini hati yako ya mashtaka, na hutaniona tena."

"Huna idhini!"

"Ninayo. Imo mfukoni, isome ukitaka." Plagi ilikuwa mkononi mwake, na mkono ulikuwa unashuka kuelekea ukutani. Miwani alipiga hatua moja mbele akasimama. Meneja alitabasamu, tabasamu likamkatikia njiani. Plagi iligusa matundu ya soketi.

Meneja alimrukia. Aliushika mkono wa Koleo kwa mikono miwili, tai imempanda begani, na sauti iliyomtoka haikuwa ya ofisini.

"Usiwashe! Kiranja yuko kazini! Zitagongana tena!"

Feni ziliendelea kuvuma. Koleo hakuunyofoa mkono wake, aliuacha hapohapo mikononi mwa yule mtu.

"Tena?" aliuliza.

Meneja aliuachia mkono ule kana kwamba umemuunguza. Alikaa kwenye sakafu ile ya baridi na suruali yake nzuri.

"Swichi ya soketi niliizima nilipoinama," Koleo alisema. "Nisingehatarisha simu za watu kwa ajili yako. Sasa sema."

Alisema, vipande vipande. Wakurugenzi walitaka kuhakikishiwa kwamba Kiranja akifa kuna wa kumrithi. Fundi alikuwa likizo, na alipoulizwa kwa simu alisema wangoje arudi, kwanza watafute pa kuweka kufuli la pamoja. Meneja hakutaka kumngoja mzazi. Shemeji yake akamnakili Kiranja mzima mzima kwenye mashine ya akiba, amri zake zote na jina la Fundi humo ndani, akaiwasha na kumvalisha kofia yake mwenyewe. Muda wote mashine mbili zilitoa amri zilezile, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Siku ya kuhamia ukumbi mpya, Fundi alimpa amri mpya Kiranja anayemjua. Yule wa pili alibaki na za zamani. Kila mmoja alitazama kufuli lake, akalikuta halipo, akaingia kazini kwa moyo safi, huyu akielekeza simu kule, yule akizirudisha.

"Na baada ya mtu kufa ukaizima, ukaipangusa, ukaleta polisi jina la mwanamke mwenye mtoto mchanga," Koleo alisema. Hakujali kuificha hasira yake. "Ulimwona akipakiwa kwenye gari letu?"

Meneja alivuta tai yake ikae sawa.

"Nilimwona mimi," Miwani alisema kutoka mlangoni, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Nilikuwa dirishani."

"Wewe nitakuja kukuchukulia maelezo yako, na safari hii utayatoa yote. Kuna mtu atakayegusa hizi mashine nikiondoka?"

"Nikimsimamisha Kiranja nikakupa kofia yake, hakuna. Simu zitaendelea kama zilivyo, lakini hakuna kitakachobadilishwa na mtu wala mashine mpaka kofia irudi. Hapa hata bosi hafanyi wazimu huo..." Alimtazama bosi wake sakafuni, akaiacha sentensi ilivyo.

"Msimamishe."

Miwani alibofya, akasubiri taa zitulie, akamkabidhi kofia iliyochakaa kwa mikono miwili.

Mkuu wa kituo aliyasoma maelezo ya Meneja akiwa amesimama, kisha akakaa. Hakumsifu mtu. Alichana hati ya mashtaka, akasema kwamba Koleo siku moja atamletea balaa, akamwamuru aondoke mbele yake.

Fundi alitolewa akipepesa macho kwa mwanga wa korido. Mama yake alinyanyuka na mtoto. Muuza nyama naye alinyanyuka, na alikuwa mtu mkubwa, akaziba njia.

"Mnamwachia? Mama yangu nilimshika mikononi huku simu inaita! Inaita tu! Mnamwachia huyu?"

Koleo alijiweka katikati. Alimweleza yote, kavukavu, kwa sababu hakujua namna nyingine: mashine mbili, makufuli mawili, kila moja na kofia yake. Muuza nyama alisikiliza hadi mwisho. Aliikamata aproni yake kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo mama yangu kafa kwa sababu ya kofia?"

Fundi ndiye aliyejibu.

"Ndiyo, kaka," alisema. "Pole sana."

Yule mtu alimtazama kwa muda, akaitazama blauzi yake iliyolowa, akaketi tena kwenye benchi lake. Alianza kulia kwa sauti mbele ya watu wote.

Koleo alitoa mfukoni ile kofia ya sufu iliyochakaa, akampa Fundi.

"Wenzako wamesimama wima kule. Miwani kasema hakuna atakayegusa kitu mpaka hii irudi. Wanakungoja wewe."

"Ile ya pili imezimwa?"

"Imezimwa. Na kofia yake ni kielelezo cha mahakama."

"Msije mkairudisha."

Hakumshukuru, na Koleo hakutegemea shukrani. Aliivaa kofia, ikamfika nyusini, akampokea mtoto kutoka kwa mama yake na kukaa kwenye benchi la kulia. Mtoto alishika pindo lililofumuka kwa ngumi moja, akatafuta ziwa, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Gari liko nje," Koleo alisema. "Nikupeleke kazini?"

"Wangoje," Fundi alisema bila kuinua macho. "Hii ni zamu ya huyu."